Teknolojia na Mtoto Aliye Mbali na Ubao: Elimu kwa Wote katika Bonde la Kilombero

Teknolojia ya elimu ni chombo chochote kinachompelekea mwanafunzi somo mahali ambapo sauti ya mwalimu na ubao haviwezi kumfikia. Redio imo katika hesabu hiyo, na imo tangu zamani. Imo pia mashine ya kuandikia nukta nundu, kadhalika lenzi ya kukuzia maandishi na kifaa cha kusaidia kusikia. Kompyuta na kishikwambi vimekuja baadaye, ingawa siku hizi ndivyo vinavyotajwa kwanza kila suala hili linapozungumzwa. Katika bonde la Kilombero kipimo cha chombo hakipaswi kuwa upya wake. Kipimo ni mtoto yupi aliyekuwa hapati somo na sasa analipata.

Mngeta ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, mkoani Morogoro. Kwa msafiri atokaye Ifakara, iko mbele ya Mbingu na kabla ya Chita, kwenye ukanda uliobanwa kati ya milima ya Udzungwa na mbuga ya mto Kilombero. Reli ya TAZARA inapita ukanda huohuo kuelekea Mlimba. Ni nchi ya mpunga. Shamba mara nyingi liko mbali na nyumba, huko mbugani, kwa hiyo msimu wa kilimo unapoanza familia nyingi huhamia shambani na kukaa huko kwa wiki au miezi. Mpunga ukianza kutoa masuke ndege hushuka kwa makundi, na anayepanda dunguni kuwaamia mara nyingi ni mtoto wa shule. Masika nayo ina mambo yake: mito inayoteremka Udzungwa hujaa, njia hukatika, na vitongoji vya mbugani hubaki upande wa pili wa maji.

Msimu na umbali ni vizuizi ambavyo kila mwalimu wa bondeni anavijua. Kipo kingine kinachosemwa kwa sauti ya chini, nacho ni ulemavu. Homa ya uti wa mgongo na malaria kali vinaweza kumwachia mtoto uziwi, kifafa au ugumu wa kujifunza, na bonde hili limeishi na malaria kwa vizazi. Utafiti wa ugonjwa huo umefanya jina la Ifakara lijulikane duniani. Ng'ambo ya bonde, katika milima ya Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuwatibu wagonjwa wa kifafa ambao jamii ilikuwa imewatenga. Tafiti za baadaye zimeuhusisha ugonjwa huo na minyoo inayoenezwa na usubi wa mitoni. Mtoto mwenye kifafa, sawa na mtoto asiyeona au asiyesikia, huenda asifike shuleni kabisa. Wengine hufichwa nyumbani kwa aibu isiyo na msingi wowote, na jina ambalo halimo kwenye daftari la mahudhurio halihesabiwi hata kama utoro.

Serikali imekwisha kuondoa baadhi ya vikwazo. Ada ya elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016. Mwaka 2021 fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19 zilielekezwa kwenye ujenzi wa vyumba 15,000 vya madarasa, 3,000 kati yake vikiwa vya vituo shikizi, yaani vile vishule vidogo vinavyowakaribia watoto ambao shule mama iko mbali mno kwa miguu yao. Mwaka huohuo waraka wa elimu uliwaruhusu waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, kurudi darasani. Upo pia MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa. Hatua hizi zimeleta watoto hadi mlangoni mwa shule. Baada ya mlango lazima somo lenyewe limfikie kila mmoja kwa njia anayoweza kulipokea, na hapo ndipo vyombo vinapoanza kazi yao.

Redio ina historia ndefu katika kazi hii, na Tanzania imo katika historia hiyo kwa heshima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa wiki 12 kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kikiwa na kiongozi wake na kijitabu chake. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka madimbwi. Chakula ni Uhai ilifuata mwaka 1975. Nguvu ya kampeni hizo haikutoka kwenye mitambo ya kurushia matangazo peke yake. Ilitoka kwenye kikundi kilichokaa chini ya mwembe kikiwa na mtu wa kuuliza, "Haya, tumesikia nini, na sasa tufanye nini?"

Kwa watoto, ufundi huo uliendelezwa kwa namna nyingine. Nchini Nicaragua mwaka 1974 yalianza masomo ya hesabu ya redio ambamo mtangazaji huuliza swali, kisha hunyamaza sekunde chache ili darasa lijibu kwa sauti, halafu hutoa jibu sahihi. Mtoto hasikilizi tu. Anajibu, anaimba, anasimama, anachora chini kwa kijiti. Kenya ilitumia mtindo huo kufundishia Kiingereza katika miaka ya 1980. Zanzibar iliupokea kuanzia mwaka 2006 katika mradi wa RISE, uliozaa kipindi cha Tucheze Tujifunze kwa watoto wadogo ambao vijiji vyao havikuwa na shule za awali. Walisomea kwenye vibaraza na chini ya miti, mbele ya mlezi aliyechaguliwa na kijiji.

Mtindo huu unafaa mno kwa dungu la Mngeta. Mtoto anayeamia ndege macho na mikono yake viko kazini, lakini masikio yako huru. Ifakara ina kituo chake cha redio ya jamii, Pambazuko FM, na redio ndogo ya betri au ya sola haihitaji bando wala nguzo ya umeme. Kitochi, ile simu ndogo ya vitufe ambayo kaya nyingi zinayo, mara nyingi kina redio na nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Kadi moja inatosha kubeba masomo ya muhula mzima, nayo huondoa udhaifu mkubwa wa redio, kwamba somo likishapita limepita. Mwalimu anayejua kuwa nusu ya darasa lake itahamia mbugani anaweza kuwapa kadi hizo kabla hawajaondoka. Nchini Kenya, Eneza Education ilikwenda hatua nyingine kwa huduma ya Shupavu 291, inayoleta maswali na majibu ya masomo kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya kawaida.

Shule zote za Tanzania zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalirushwa kwa redio na televisheni hadi shule zilipofunguliwa tena mwishoni mwa Juni. Vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza kuonyeshwa TBC1 Januari 2014, vilikuwa tayari vimewazoesha watoto wengi kujifunza hesabu kwa nyimbo na hadithi za Kiswahili. Lakini miezi hiyo ya kufungwa kwa shule ilionyesha pia nani anaachwa. Kwa mtoto kiziwi redio ni ukimya mtupu, na televisheni isiyo na mkalimani wa lugha ya alama haimsaidii kitu. Mtoto asiyeona naye husikia mwalimu akisema "tazameni mchoro huu", na mchoro haumfikii.

Ulemavu, basi, unastahili maelezo marefu zaidi, maana hapa chombo ndicho kinachoamua kama kuna shule au hakuna. Louis Braille alitangaza mfumo wake wa maandishi ya nukta nundu, wenye nukta 6, huko Ufaransa mwaka 1829, akiwa kijana wa miaka 20. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, iliyoingia sokoni mwaka 1951, ina vitufe 6, kimoja kwa kila nukta, na mwanafunzi huibonyeza akaandika na kusoma alichoandika papo hapo kwa ncha za vidole. Ni chuma kitupu, ina uzito wa karibu kilo tano, haitaki umeme, na ikitunzwa hudumu miongo kadhaa. Kwa kijiji cha Kilombero hakuna chombo cha kisasa kinachoishinda kwa uimara. Tatizo ni bei, ambayo ni mamia ya dola kwa mashine moja, pamoja na karatasi nzito inayotakiwa. Tena kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa kuwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa makubwa, ambayo mtoto hawezi kuyabeba kwenye mfuko wa daftari.

Kompyuta na simu janja zimepunguza mzigo huo. Mwaka 2006 Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, walianza kutengeneza NVDA, programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Inatolewa bure, na sauti ya eSpeak inayokuja nayo inasoma Kiswahili. Matamshi yake ni makavu na hukosea lafudhi, lakini mwanafunzi akishayazoea husoma kwa kasi ya kushangaza. Simu janja nyingi nazo zina programu ya aina hiyo ndani yake, ambayo mwenye simu hajawahi kuiwasha kwa sababu hakuna aliyemwambia ipo. Kwa mtoto mwenye ualbino, ambaye kwa kawaida ana uoni hafifu, kishikwambi kinaweza kukuza herufi hadi zikajaa kioo na kupunguza mwanga unaomuumiza. Mtoto huyu kwa miaka mingi amekaa dawati la mbele akikodolea macho ubao asiouona, huku akihesabiwa kuwa mzito wa kuelewa. Hilo ni kosa la darasa, si la akili yake.

Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, na hilo ni jambo jema. Kitabu kilichopigwa picha tu, hata hivyo, hakisomeki na programu ya sauti. Kwa programu hiyo ukurasa wa picha ni ukurasa mtupu. Maandishi lazima yawe maandishi, vichwa vya habari vipangwe, na kila mchoro uwe na maelezo ya maneno. Nchini Kenya kampuni ya eKitabu imeonyesha kwamba jambo hili linawezekana kwa vitabu vya shule za Afrika Mashariki, na imetoa pia hadithi za watoto kwa video za lugha ya alama. Kizuizi cha hakimiliki nacho kimelegezwa: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unaruhusu vitabu kugeuzwa katika miundo inayosomeka na wasioona bila kumsubiri mchapishaji.

Kwa watoto viziwi njia ni ngumu zaidi. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa mwaka 1963 na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Zote ziko mbali sana na Mngeta, na mzazi mkulima hana uhakika wa nauli ya kumwona mwanawe hata mara moja kwa mwaka. Kwa wasioona, Buigiri mkoani Dodoma imekuwapo tangu mwaka 1950. Shule hizi zimelea wasomi na zinastahili kuimarishwa. Hata hivyo haziwezi kuchukua watoto wote, na si haki mtoto wa miaka saba kulazimika kuchagua kati ya lugha na mama yake. Video za Lugha ya Alama ya Tanzania zikiwa kwenye simu ya mwalimu na ya mzazi zinaweza kuanza kazi kijijini mapema, kabla mtoto hajapoteza miaka ya kwanza ambayo lugha huingia kwa urahisi. Vifaa vya kusaidia kusikia huwafaa wale waliobakiwa na usikivu, lakini betri zake ndogo huisha baada ya siku chache na hakuna duka la kijijini linaloziuza. Botswana ilijibu tatizo hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000: katika kijiji cha Otse, mafundi ambao wengine wao ni viziwi walianza kutengeneza vifaa ambavyo betri zake huchajiwa kwa jua.

Mtihani nao umefanyiwa marekebisho. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za nukta nundu na za maandishi makubwa, na huwaongezea watahiniwa wasioona dakika 20 kwa kila saa katika hisabati na dakika 10 katika masomo mengine. Utaratibu huo ni wa haki. Lakini unamfaa yule tu ambaye kwa miaka saba alikuwa na kitu cha kusomea.

Kuhusu vishikwambi, jaribio kubwa limefanyika hapahapa Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili kwa watoto wapatao 3,000 katika vijiji takribani 170 vya mkoa wa Tanga. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walisaidia kazi hiyo pamoja na serikali, na katika kila kijiji palikuwa na mahali pa kuchajia kwa sola. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 ushindi ulikwenda kwa programu mbili, Kitkit School na ile ya onebillion, zikagawana dola milioni 10.

Matokeo hayo yanatia moyo na yanapaswa kusomwa yote mawili: nusu walipiga hatua bila mwalimu, na nusu nyingine, baada ya mwaka mmoja na robo wakiwa na kifaa kizuri mikononi, bado hawakuweza kusoma. Huko Peru mambo yalikuwa mabaya zaidi. Serikali ilinunua kompyuta ndogo laki kadhaa kwa ajili ya wanafunzi, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 haukuona maendeleo yoyote katika hesabu wala lugha. Tofauti ilikuwa katika somo: Tanga watoto walipewa masomo yaliyopangwa hatua kwa hatua kwa lugha wanayoota nayo, Peru walipewa mashine. Mwezi Novemba 2022 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alizindua ugawaji wa vishikwambi karibu 300,000 kwa walimu, vingi vikiwa vimetumika kwanza katika Sensa. Kifaa kimoja mkononi mwa mwalimu wa Mngeta, kikiwa na vitabu, video za alama na sauti ndani yake, kinaweza kuwafaa watoto wengi zaidi kuliko vifaa 20 vilivyofungiwa ofisini vikiogopewa kuibwa.

Umeme na mtandao ni shida, ila si sababu ya kukata tamaa. Bwawa la umeme la Kidatu na mitambo ya Kihansi viko kwenye milima hiihii ya Udzungwa, na gridi imekuwa ikisambaa vijijini. Pale isipofika, sola inatosha kwa vifaa vidogo. Mtandao unaweza kuepukwa: katika shule kadhaa za sekondari za Karatu, Powering Potential ilifunga kompyuta ndogo za Raspberry Pi zenye maktaba nzima ndani, na wanafunzi hujiunga nazo bila intaneti wala gharama ya bando. Maktaba ya namna hiyo inaweza kupakiwa Ifakara na kuletwa Mngeta mara moja kwa muhula. Maadui wakubwa wa vifaa hivi bondeni ni vumbi la kiangazi, unyevu wa masika na waya za kuchajia zinazokatika shingoni.

Lugha inabaki kikwazo hata kwa mtoto mwenye macho na masikio mazima. Anayemaliza darasa la saba kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukutana na baiolojia na fizikia kwa Kiingereza. Mtoto wa mfugaji aliyehamia bondeni kutoka Usukumani huenda alianza darasa la kwanza akiwa mgeni hata katika Kiswahili, kwa hiyo anavuka mara mbili. Masomo ya Shule Direct, yaliyoanza kuwekwa mtandaoni mwaka 2013, na kamusi zinazofanya kazi bila intaneti humpa nafasi ya kurudia sentensi moja mara kumi bila kuchekwa. Mwalimu wa watu 80 darasani hawezi kumpa nafasi hiyo, hata akitaka.

Fedha ndiyo inayoamua yapi kati ya haya yatatokea. Shule ya msingi hupangiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kiwango kilichotokana na MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002. Shilingi 4,000 huzuiwa kwa ajili ya vitabu na 6,000 hupelekwa shuleni. Shule yenye watoto 600 hupokea, ikipata yote, shilingi 3,600,000, nazo ni za chaki, mitihani, ukarabati na michezo. Mashine mbili za Perkins zingeweza kumeza sehemu kubwa ya fedha hizo, na wanaozihitaji huenda ni watoto wawili. Ndiyo maana vifaa vya watoto wenye ulemavu haviwezi kuachiwa shule moja moja. Vinatakiwa kununuliwa na halmashauri au wizara na kufuata mtoto anapohama. Kabla ya hapo watoto hao watafutwe kitongoji kwa kitongoji, kwa msaada wa wahudumu wa afya ya jamii ambao ndio huingia majumbani. Kila kata ipate angalau mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalumu, kama wanaofundishwa katika chuo cha Patandi mkoani Arusha. Fungu la betri, waya na malipo ya fundi wa Ifakara linapaswa kuandikwa kwenye bajeti ya Mlimba kabla kifaa cha kwanza hakijashushwa kwenye gari.